Ushuhuda Usio na Jina

Sabaha Mrisho alianza kukaanga samaki kwenye Kichochoro cha Nazi pale mama yake alipopooza mkono na kumwachia karai. Kichochoro chenyewe kiko Kariakoo, nyuma ya maduka ya jumla, chembamba kiasi kwamba mikokoteni miwili ikikutana lazima mmoja urudi kinyumenyume. Zamani walikuwa wakikuna nazi humo. Siku hizi kuna mama lishe, wauza maji ya baridi, wauza vitenge vya mafungu, na mwisho kabisa, karibu na choo cha kulipia, kina mama wa samaki.

Watu walimpenda Sabaha kwa mdomo wake. Mteja akibonyeza samaki kwa kidole halafu akajifanya anaondoka, alikuwa akimwambia taratibu, bila hata kuinua macho kwenye mafuta, "Huyo umeshamposa, kaka. Mchukue nyumbani." Kichochoro kizima kilicheka, na huyo mteja alinunua.

Alikuwa mzaliwa wa pale pale. Nyumba ya bibi yake mzaa baba ilikuwa Mtaa wa Sikukuu, nyumba ya vyumba sita yenye ua wa nyuma, mpaka baba zake wadogo walipoiuza na likapanda ghorofa lenye maduka ya simu chini. Sabaha hakupata kitu. Aliambiwa wanawake wa ukoo wataangaliwa baadaye, na hiyo baadaye haikufika. Mumewe alikwenda kwenye msiba Lindi na hakurudi. Talaka ilimfikia kwa simu, mwanamume akiongea haraka haraka kama anayeogopa salio litaisha. Basi akapanga chumba Mtaa wa Mahiwa, akafunga kibwebwe, akaendelea na samaki wake.

Kichochoro kilikuwa na mwenyekiti, Mzee Hafidhi, mtu wa kanzu safi na sauti ya chini. Yeye ndiye aliyegawa sehemu za kukaa. Ushuru alikuwa akikusanyiwa na mpwa wake, Ramadhan, kijana wa miaka thelathini hivi aliyependa kupita katikati ya kina mama akiwapapasa mabega kana kwamba anakagua magunia. Wengi walicheka kicheko cha kumwogopa. Sabaha hakucheka. Siku moja Ramadhan alimwambia mbele za watu kwamba mwanamke aliyeachwa anahitaji mtu wa kumwangalia, na kwamba yeye yuko tayari. Sabaha akamjibu, "Kaoge kwanza, ndiyo uje tuzungumze." Watu walicheka mpaka wabeba mizigo wakasimama kuuliza kuna nini. Ramadhan naye alicheka. Lakini alicheka kwa meno tu.

Haikupita wiki. Sabaha alitoka chumbani kabla ya adhana ya alfajiri, kama kawaida yake, kwenda Feri kwenye mnada wa samaki. Alikatiza kichochoroni kuchukua ndoo zake. Kulikuwa giza. Mtu alimshika kutoka nyuma, akamkata kipochi cha kiunoni, na alipojaribu kupiga kelele alichanwa na chupa iliyovunjika, kuanzia chini ya sikio mpaka kwenye kidevu. Simu yake ilikuwa imeanguka chini na taa yake ikiwaka, kwa hiyo alimwona usoni. Hata asingemwona, sauti aliijua.

"Sasa tuone nani atakutaka," Ramadhan alimwambia, akaondoka bila kukimbia.

Aliyemwokota ni Zulekha, shoga yake, muuza ngisi waliyekaa naye karai kwa karai. Zulekha alimfunga uso kwa khanga na kumpeleka hospitali kwa bajaji, na njia nzima Sabaha alirudia jina moja tu. Zulekha alilisikia vizuri. Alimwambia, "Nyamaza, damu inatoka ukiongea."

Siku ya pili Mzee Hafidhi alikuja wodini na mfuko wa machungwa. Alikaa ukingoni mwa kitanda, akamwita mwanangu.

"Nimesikia unasema ni Ramadhan," alisema. "Mimi sikatai wala sikubali. Lakini giza ni giza, mwanangu. Na wewe ukitoka hapa utahitaji mahali pa kuweka jiko lako. Haya mambo tuyamalize kinyumbani."

Sabaha hakuweza kujibu kwa sababu ya nyuzi alizoshonwa usoni. Baadaye alifikiri kwamba hata angeweza, labda asingejibu. Alirudi kichochoroni baada ya kidonda kukauka, akakuta sehemu yake imehifadhiwa na imefagiliwa. Ramadhan alipopita alimwamkia, "Pole, dada." Sabaha aligeuza samaki.

Mambo yangeishia hapo, kama yanavyoishia mengi ya namna hiyo, kama si Selina kufika.

Selina alikuwa afisa maendeleo ya jamii, msichana wa Songea aliyesoma mpaka chuo kikuu na bado hakuona haya kukaa kwenye ndoo iliyopinduliwa na kula samaki kwa mkono. Alikuja na habari kwamba serikali ilikuwa imetenga fedha kwa ajili ya miradi ya wananchi wenyewe, ya kulinda usalama wa wanawake na kuwainua kiuchumi. Vikundi vingeandika maombi, na vitakavyoshinda vingepewa. Kina mama wa Kichochoro cha Nazi wakaunda kikundi, wakakiita Tusirudi Nyuma, na jioni baada ya jioni wakakaa na Selina kusema wanataka nini. Walijua wanachotaka. Walitaka taa. Walitaka mlinzi alfajiri. Walitaka chumba ambacho mwanamke akishikwashikwa anaweza kwenda kusema na kuandikiwa. Na walitaka majokofu, kwa sababu samaki aliyebaki bila barafu huuzwa kwa hasara, na wanaume wenye majokofu ndio walionunua kwa hasara hiyo.

"Wanaosoma maombi ni wengi na maombi ni mengi zaidi," Selina aliwaambia. "Tunahitaji mtu wa kusimulia yaliyompata. Wakisikia mtu, hawasahau."

Hakuna aliyemtazama Sabaha, na hivyo ndivyo alivyojua kwamba wote wanamfikiria yeye.

Alimsimulia Selina kila kitu, wao wawili, nyuma ya choo cha kulipia. Alimtaja Ramadhan. Selina aliacha kuandika.

"Dada Sabaha," alisema, "maombi lazima yapite kwa mwenyekiti. Asiposaini, hayatoki hapa. Nikiandika jina la mpwa wake, unadhani atasaini?"

"Hatasaini."

"Basi tuandike watu wasiojulikana. Kwa sasa tu. Mradi ukipita, dawati la malalamiko litafunguliwa hapa hapa, na wewe ndiye utakayekuwa wa kwanza kushtaki. Mimi mwenyewe nitakushika mkono."

Sabaha alimwangalia usoni akitafuta hila, hakuiona. Haikuwepo. Selina aliamini kila neno alilolisema, na hilo ndilo lililomfanya Sabaha akubali.

Kwa hiyo ukaandikwa ushuhuda, nao ulikuwa mzuri. Ulikuwa na giza, na chupa, na mama mjasiriamali aliyevamiwa na watu wasiojulikana akihangaikia riziki. Sabaha aliusema mbele ya kamati ya kata. Akausema tena mbele ya wageni waliokuja na kamera, wakamwomba akae upande wenye mwanga ili kovu lionekane. Mara za kwanza alikuwa akitetemeka akifika kwenye chupa. Baadaye hakutetemeka tena, na Selina akamwomba, kwa heshima sana, apunguze kasi kidogo mahali hapo. Kuna usiku aliota ndoto anavamiwa na mtu asiye na uso, akaamka akiwa na hofu ya aina nyingine, kwamba kweli inaanza kumtoka.

Mradi ulishinda.

Kichochoro kilishangilia. Kina mama walimbeba Sabaha juu juu, mwanamke mzima na dera lake, na Zulekha akalia machozi. Taa zikafungwa, nyeupe, kali, mpaka paka wakahama. Kontena dogo likaletwa, likawekwa kwenye uwazi wa kando ya choo cha kulipia, likapakwa rangi ya zambarau, likaandikwa Dawati la Jinsia, na binti mmoja anayeitwa Badria akaajiriwa kukaa ndani. Majokofu yangekuja awamu ya pili, baada ya uzinduzi. Kilichobaki ni mlinzi, na kumchagua mlinzi ilikuwa kazi ya kamati ya kichochoro, chini ya mwenyekiti.

Sabaha alikuwa akipaa samaki magamba alipomwona Ramadhan anakuja amevaa fulana mpya ya kung'aa, ya rangi ya chungwa, na firimbi shingoni. Mgongoni iliandikwa Usalama wa Mwanamke Kwanza. Alibeba kiti cha plastiki. Alikiweka mlangoni mwa kontena la zambarau, akakaa.

Sabaha alifika ofisini kwa Selina na magamba yakiwa bado mikononi. Selina alisikiliza, rangi ikamtoka.

"Sikujua. Wallahi sikujua," alisema, yeye Mkristo. "Jina nililetewa likiwa limeshapitishwa."

"Sasa umejua."

"Nipe mpaka uzinduzi upite. Mgeni rasmi anatoka wizarani. Nikilivuruga sasa, awamu ya pili haiji. Ni majokofu yenu, dada. Uzinduzi ukipita namtoa, naapa."

Sabaha alitoka hapo akaenda moja kwa moja kwenye dawati, kwa kuwa ndilo aliloahidiwa. Ramadhan akasimama kumpisha, akamshikia mlango.

"Karibu, dada. Una malalamiko?"

Ndani Badria alifungua kitabu kipya kabisa, akaomba jina la anayelalamikiwa. Kuta za kontena ni bati. Kivuli cha Ramadhan kilikuwa kimesimama dirishani, hakiondoki. Sabaha alikitazama, kisha akasema alikuja kuangalia tu panafananaje. Badria, ambaye hakuwa mjinga, alikifunga kitabu na kuinamisha kichwa.

Usiku huo Sabaha alimwambia Zulekha kwamba hatakwenda kwenye uzinduzi. Zulekha alikuwa amekwisha kushonesha gauni la sare, na la Sabaha pia, kwa kitenge kimoja.

"Utakwenda," Zulekha alisema. "Utasema kama unavyosemaga, tutapiga makofi, tutapata majokofu. Mimi nina watoto wanne, Sabaha. Wewe una hasira tu."

Maneno hayo yalimwingia. Alikwenda.

Waliweka turubai na viti mtaani, pale kichochoro kinapotokea, na kapeti jekundu juu ya lami yenye mafuta ya samaki. Mzee Hafidhi alikaa meza kuu, akashukuru serikali kwa kuwakumbuka akina mama. Ramadhan alisimama kwenye geti la turubai akielekeza magari. Mgeni rasmi alikuwa mama mnene mwenye miwani, mchovu, aliyekuwa amefungua miradi mingine asubuhi hiyo hiyo. Sabaha alipewa kipaza sauti. Akausema ushuhuda wake wote, giza, chupa, watu wasiojulikana, akapunguza kasi pale pa kupunguza. Watu walipiga makofi. Akaanza kurudi kwenye kiti chake.

Ndipo yule mama mgeni akainama kwenye kipaza sauti chake. Haikuwa kwenye ratiba. Labda alikuwa na uchungu wake mwenyewe, nani ajuaye.

"Samahani, mama. Hao waliokufanyia hivyo, walikamatwa?"

Sabaha alisimama. Alimwona Selina amefumba macho. Alimwona Zulekha kwenye kitenge kipya, akitikisa kichwa polepole. Alikuwa amejiandaa kwa ule ushuhuda tu. Swali hili hakuna aliyemfundisha jibu lake, na kwa kuwa hakuwa na jibu la kufundishwa alitoa lile alilokuwa nalo.

"Hapana, mheshimiwa," alisema. "Alikuwa mmoja. Yuko pale getini. Mmemshonea sare."

Hapakutokea fujo. Watu walidhani ingetokea, lakini walikaa tu, na spika ikawa inakoroma. Mgeni rasmi alimtazama kijana wa getini, akamtazama mwenyekiti, akaandika kitu kwenye karatasi yake, kisha akasema suala hilo litafuatiliwa na vyombo husika. Hakukata utepe. Msafara ulipoondoka, wahudumu walianza kukusanya viti kabla soda hazijagawiwa.

Vyombo vilifuatilia. Ramadhan alichukuliwa na Sabaha akaitwa kituoni. Askari aliyemhoji hakuwa mbaya. Alimwekea kiti na kumwita mama. Lakini mbele yake alikuwa na ule ushuhuda, umechapwa, na dole gumba la Sabaha chini yake.

"Hapa unasema watu wasiojulikana," alisema. "Na kwenye video hizi unasema hivyo hivyo. Zote nimeziangalia. Leo unasema ni mtu unayemjua miaka yote. Mimi nikupeleke mahakamani na lipi?"

"La leo ndilo la kweli."

"Wakili wake atauliza ulikuwa unadanganya lini."

Sabaha akamtaja Zulekha, kwamba njia nzima kwenda hospitali alimsikia akilitaja jina. Zulekha aliitwa. Alikuja amevaa baibui lake jeusi, akakaa pembeni ya Sabaha, magoti yao yakakaribia kugusana, akasema kwamba mgonjwa alikuwa hasemi kitu kinachoeleweka, damu ilikuwa nyingi.

Ramadhan akaachiwa. Hakurudishiwa fulana, kwa sababu hapakuwa tena na mradi wa kulinda. Wizara ilisimamisha fedha mpaka mgogoro wa wanakikundi utakapotatuliwa. Ndivyo ilivyoandikwa, mgogoro wa wanakikundi. Badria alilipwa mwezi mmoja, akaondoka na funguo. Kontena la zambarau Mzee Hafidhi alilipangisha kwa muuza chaja. Taa ziliendelea kuwaka kwa muda, kisha luku ikaisha na hakuna aliyejua ni nani anapaswa kununua umeme.

Kina mama hawakumtukana Sabaha. Angetukanwa angejua la kufanya. Waliacha kumshikia jiko anapokwenda msalani, waliacha kumtuma chumvi na kutumwa naye, na wateja wake wakiuliza wapi alipo, walielekezwa kwa mwingine. Siku moja alimkabili Zulekha, wakiwa wanaosha masufuria kwenye bomba moja.

"Ulinisikia kwenye bajaji," alimwambia. "Nataka useme hapa tu, sisi wawili. Sisemi uende kituoni."

Zulekha aliendelea kusugua.

"Nilikusikia," alisema mwishowe. "Na wewe ungesubiri wiki mbili. Wiki mbili tu, Sabaha, majokofu yangekuwa humu. Ulinyamaza mwaka mzima, wiki mbili zingekuua?"

Kilichomuuma Sabaha kuliko mengine yote ni kwamba katika maneno ya Zulekha kulikuwa na hesabu ambayo hakuweza kuikosoa.

Mwezi uliofuata Mzee Hafidhi alimwita, akamwambia kwa ile sauti yake ya chini kwamba kichochoro kinapangwa upya na sehemu yake itahitajika. Hakubisha. Alifunga karai, ndoo na meza yake kwenye mkokoteni, akaenda Magogoni, akapanda pantoni na kuvuka Kigamboni, kwa mara ya kwanza katika maisha yake akaishi nje ya Kariakoo. Alipata kibaraza karibu na kituo cha bajaji. Wateja wa huko ni watu wa haraka, hawajui utani wake, na yeye hakuwafundisha. Aliuza kimya kimya. Walipomuuliza kuhusu uso alisema jiko la gesi lilimlipukia, wakampa pole, wakaanza kumweleza majiko ya gesi yalivyo hatari.

Selina alimfuata huko mwishoni mwa masika. Alikuwa amehamishwa, anakwenda wilaya ya mbali, na alikuja na begi lake mgongoni. Alikuwa amekonda. Hakukaa kwenye ndoo. Alisubiri mpaka wateja wakapungua.

"Nilitaka kukuaga vizuri," alisema. "Na nilitaka ujue kwamba zile fedha wamezihamishia kata nyingine. Kule wamepata majokofu."

"Wamepata na mlinzi?"

Selina alitazama chini. "Sijui, dada."

Sabaha aligeuza changu mmoja, halafu wa pili. Mafuta yalikuwa yanapiga kelele.

"Kila siku nafikiri," Selina akasema, "ningeliandika lile jina siku ile. Mzee asingesaini, mradi usingekuwepo, lakini wewe ungekuwa na neno lako. Nimekuja kukuomba unisamehe."

"Nikikusamehe utafanya nini?"

Selina alifikiri kwa uaminifu, kama alivyofanya mambo yake yote. "Labda nitalala," alisema.

"Na mimi?"

Dereva wa bajaji alikuja akauliza vibua vipo, akaambiwa vipo. Sabaha alimfungia viwili kwenye gazeti, akamtilia pilipili na kachumbari, akapokea hela yake. Alipogeuka, Selina alikuwa bado amesimama na begi lake, macho yamemjaa machozi, na watu wa kituoni wameanza kuangalia.

"Umekula?" Sabaha alimuuliza.

"Bado."

Akamchagulia changu wa wastani, akamkabidhi kwenye sahani ya bati. Selina alikula amesimama, haraka, bila kuonja. Alipofungua pochi, Sabaha alitaja bei, akahesabu chenji na kumwekea mkononi yote. Kisha akamwonyesha foleni ya pantoni inakoanzia, akarudi kwenye karai lake.